Neno "wa Mwisho" katika Wasifu wa Waaustralia

Kamusi ya Wasifu wa Waaustralia, ambayo hutungwa katika Chuo Kikuu cha Taifa mjini Canberra, ilitoa juzuu yake ya kwanza mwaka 1966. Juzuu ya 19 ilitoka mwaka 2021, na tangu mwaka 2006 yaweza kusomwa bure katika intaneti. Ndani yake umo wasifu wa watu zaidi ya 13,000, na mwanahistoria wa nchi ile hawezi kuanza kazi bila ya kupiga hodi hapo. Walakini kamusi ya watu si sawa na kamusi ya maneno. Mtunga kamusi akilisahau neno, watu huendelea kulisema. Kamusi ya watu ikimsahau mtu, huenda pasiwe tena na mahali pa kumtafuta.

Juzuu za mwanzo zilijaa magavana, majaji, makasisi na wenye makundi makubwa ya kondoo. Wenyeji wa asili walikuwa wachache mno, ingawa Bennelong, aliyeishi na gavana wa kwanza huko Sydney, alipewa nafasi yake. Mwaka 1968 mtaalamu W. E. H. Stanner aliisema kasoro hii katika mihadhara ya redio: taifa zima lilikuwa limejizoeza kunyamaza juu ya watu hao. Mwaka 2005 ikatolewa juzuu ya nyongeza kwa ajili ya waliosahauliwa. Hata hivyo hesabu ya majina si jambo linalonishughulisha hapa. Lanishughulisha neno moja, nalo ni neno "wa mwisho", kwa jinsi lilivyotumiwa katika kisiwa cha Tasmania.

Truganini alizaliwa yapata mwaka 1812 katika kisiwa cha Bruny. Baada ya vita vya walowezi na wenyeji, alifuatana na George Augustus Robinson, fundi wa ujenzi kutoka London, aliyekwenda huku na huko akiwashawishi wenyeji waliosalia wahamie kisiwa cha Flinders. Huko wengi walikufa; mwaka 1847 watu 47 tu ndio waliorudishwa Oyster Cove. Mengi tuyajuayo juu ya bibi huyu yametoka katika daftari za Robinson mwenyewe, yaani mtu yule yule aliyewahamisha. Hata jina lake twalipata kwa sikio la Mwingereza asiyejua sauti za lugha ile, ndiyo maana tahajia zake ni nyingi.

Alipofariki mwaka 1876, ilitangazwa kwamba Mtasmania wa mwisho amekufa. Alikuwa ameona maiti ya William Lanne ilivyokatwakatwa mwaka 1869 kwa jina la elimu, akasihi yeye asitendwe hivyo. Hakusikilizwa. Alifukuliwa, na tangu 1904 hadi 1947 mifupa yake ilitazamwa na watu katika jumba la makumbusho la Hobart. Neno "wa mwisho" ndilo lililoifanya mifupa hiyo kuwa kitu cha thamani. Maana anayeitwa wa mwisho hahesabiwi kuwa na jamaa wa kumdai. Jamaa walikuwapo, nao ndio waliomtawanya majivu baharini mwaka 1976.

Fanny Cochrane Smith alikuwa hai siku ile ya 1876. Alizaliwa Flinders mwaka 1834, akaolewa na Mwingereza aliyepata kuwa mfungwa, akazaa watoto 11, akafa mwaka 1905. Serikali ya koloni ilimpa ardhi na posho. Ndipo wataalamu wakaanza kubishana kama damu yake haikuchanganyika, wakimpima nywele na sura. (Sisi tuliokwisha kuchoshwa na swali la nani Mswahili hasa hatuhitaji kuelezwa ubishi wa namna hii.) Yeye hakungoja hukumu yao. Mwaka 1899, na tena mwaka 1903, aliimba nyimbo za kwao mbele ya mashine ya kunasia sauti, na silinda zile za nta ndizo sauti pekee zilizonaswa za lugha za zamani za Tasmania. Tangu miaka ya 1990 wazao wa wenyeji wamekuwa wakiijenga upya lugha yao, waiitayo palawa kani, kwa kukusanya orodha za maneno zilizoandikwa na wageni, pamoja na nyimbo hizo. Mwanaisimu atauliza, na ni haki yake, ni kiasi gani cha sarufi kilichoweza kuokolewa. Lakini asiulize kama wasemaji wamo. Watoto wao wanaisema.

Kamusi ilimwingiza Truganini katika juzuu ya 6, mwaka 1976, mwaka ule ule wa majivu. Fanny alingoja hadi juzuu ya 11, mwaka 1988. Msomaji amtafutaye wa kwanza atamkuta chini ya tahajia ya Trugernanner, na Truganini ndani ya mabano. Wa pili yumo katika herufi S, kwa jina la mumewe, kati ya akina Smith wengine wengi.