Mafunzo ya ubingwa wa uzazi na magonjwa ya wanawake Muhimbili

Mafunzo ya ubingwa wa uzazi na magonjwa ya wanawake Muhimbili ni masomo ya uzamili ya miaka 3 yanayomwandaa daktari kuwa bingwa wa mimba, uzazi na maradhi ya viungo vya uzazi vya mwanamke. Hutolewa na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) jijini Dar es Salaam, Tanzania, na mhitimu hupewa Shahada ya Uzamili ya Tiba (MMed). Sehemu kubwa ya masomo haifanyiki darasani bali katika wodi, kliniki na vyumba vya upasuaji vya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Daktari aliye katika mafunzo hayo huitwa rezidenti: ni mwanafunzi wa chuo, na wakati huohuo ni daktari anayetibu wagonjwa.

Historia

Hospitali ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, ikichukua nafasi ya hospitali ya Sewa Haji iliyokuwapo tangu mwaka 1897. Jina la sasa lilianza kutumika baada ya uhuru.

Shule ya tiba ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1963, na mwaka 1968 ikawa kitivo cha chuo kikuu. Mwaka 1976 kitivo na hospitali viliunganishwa kuwa Kituo cha Tiba Muhimbili. Kitivo kilipandishwa hadhi kuwa chuo kishiriki mwaka 1991, kisha kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Hospitali nayo ilipata sheria yake mwaka 2000. Kwa hiyo rezidenti wa leo yuko chini ya taasisi mbili: chuo humfundisha na kumtahini, ilhali wagonjwa na vitanda ni vya hospitali.

Kujiunga

Mwombaji huwa amekwisha kusoma shahada ya kwanza ya udaktari kwa miaka 5, akafanya mafunzo kwa vitendo kwa mwaka 1 na kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Wengi huwa wamefanya kazi katika hospitali za wilaya au mikoa, na baadhi wamekwisha kufanya upasuaji wa kumtoa mtoto mara nyingi kabla ya kurudi masomoni.

Ngazi za kazi wodini

Kazi hupangwa kwa ngazi. Chini kabisa yuko daktari wa mafunzo kwa vitendo, juu yake rezidenti, na juu ya wote daktari bingwa anayebeba dhamana ya mgonjwa. Wakunga ndio wanaokaa na mzazi muda mrefu zaidi, na mara nyingi ndio wanaogundua kwanza kwamba uchungu hauendi sawa. Rezidenti mgeni hujifunza mengi kutoka kwao.

Rezidenti huanza kwa kuangalia na kusaidia, kisha hufanya kazi bingwa akiwa pembeni yake, na mwishoni hufanya mwenyewe huku bingwa akiwa tayari kuitwa. Kujua ni lini amwite bingwa ni sehemu ya mafunzo yenyewe. Anayeita kwa kila jambo hajifunzi kuamua, na anayechelewa kuita humweka mama hatarini.

Baada ya zamu ya usiku hufuata ripoti ya asubuhi. Rezidenti hueleza wagonjwa waliopokelewa, waliopasuliwa na waliopata matatizo, na huulizwa kwa nini aliamua alivyoamua. Vifo vya wajawazito na watoto wachanga hupitiwa katika vikao maalumu. Lengo la vikao hivyo ni kutafuta mahali huduma ilipokwama: rufaa iliyochelewa, damu iliyokosekana au dalili iliyopuuzwa. Havikusudiwi kumtafuta wa kulaumiwa.

Yanayofundishwa

Muhimbili ni hospitali ya rufaa ya taifa, hivyo wajawazito wengi wanaofika huwa na matatizo tayari. Rezidenti hukutana mara kwa mara na:

- kutokwa na damu nyingi kabla au baada ya kujifungua;
- shinikizo la damu la ujauzito na kifafa cha mimba, ambacho hutibiwa kwa magnesiamu salfeti;
- uchungu uliokwama na kupasuka kwa mfuko wa uzazi;
- mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi;
- matatizo ya mimba kuharibika, pamoja na maambukizi.

Upande wa magonjwa ya wanawake hujumuisha uvimbe wa kizazi, ugumba, fistula, kushuka kwa kizazi, uzazi wa mpango na saratani. Saratani ya mlango wa kizazi ina uzito wa pekee nchini, na wagonjwa wanaohitaji tiba ya mionzi hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyo jijini humo.

Uamuzi wa kupasua

Mbinu ya upasuaji wa kumtoa mtoto hujifunzwa mapema. Kilicho kigumu zaidi ni kuamua nani anauhitaji. Utafiti uliochambua zaidi ya uzazi 130,000 uliofanyika Muhimbili ulionyesha kwamba waliojifungua kwa upasuaji waliongezeka kutoka asilimia 19 mwaka 2000 hadi asilimia 49 mwaka 2011. Ongezeko hilo lilionekana hata kwa wanawake wasio na hatari kubwa. Madaktari na wakunga waliohojiwa hospitalini hapo walitaja, pamoja na sababu nyingine, hofu ya kulaumiwa mtoto akipata madhara.

Upasuaji unaofanywa kwa wakati huokoa mama na mtoto. Lakini kila kovu kwenye mfuko wa uzazi huongeza hatari katika mimba inayofuata: kovu linaweza kuachia, au kondo la nyuma likajishika juu yake na kusababisha damu nyingi. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mwanamke anayekusudia kuzaa tena na anayeishi mbali na hospitali yenye chumba cha upasuaji na akiba ya damu. Kwa sababu hiyo rezidenti hutakiwa kujua pia kusoma patografu, kumvuta mtoto kwa vakyumu, kumsaidia mtoto aliyetanguliza makalio na kumsimamia mama mwenye kovu anayeweza kujifungua kwa njia ya kawaida. Stadi hizi hupotea upesi mahali ambapo upasuaji umekuwa jibu la kwanza.

Utafiti na mitihani

Kila rezidenti hufanya utafiti wake chini ya msimamizi, baada ya kupata kibali cha maadili, na kuandika tasnifu. Mitihani huwa ya maandishi na ya vitendo, ambapo mtahiniwa humchunguza mgonjwa na kutetea mpango wake wa tiba mbele ya watahini.

Baada ya kuhitimu

Mhitimu husajiliwa na Baraza kama daktari bingwa, na anaweza kuendelea na ubingwa bobezi. Mabingwa wengi wako mijini. Kwa miongo mingi upasuaji wa uzazi katika hospitali nyingi za wilaya umefanywa na madaktari wasaidizi, kada ambayo mafunzo yake yalianza mwaka 1963. Kwa hiyo bingwa anayepangiwa mkoani huwa pia mwalimu na msimamizi wa wengine.

Kwa mujibu wa tafiti za taifa za demografia na afya, vifo vitokanavyo na uzazi nchini vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16, na 104 mwaka 2022.

Vituo vingine

Ubingwa huu hufundishwa pia KCMC mjini Moshi, Bugando jijini Mwanza, na Chuo Kikuu cha Kairuki (zamani Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki) jijini Dar es Salaam. Chuo hicho cha mwisho kina jina la mwanzilishi wake, ambaye mwenyewe alikuwa daktari bingwa wa fani hii.