Sera za Ndani na za Nje: Mamlaka ya Serikali na Nafasi ya Bunge

Ibara ya 4 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 imegawa mamlaka ya nchi kwa vyombo vya utendaji, vya kutunga sheria na vya utoaji haki. Sera, iwe ya ndani au ya nje, hutungwa na Serikali. Rais ndiye Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Baraza la Mawaziri humshauri, ingawa kwa kawaida halazimiki kuufuata ushauri huo.

Mambo ya Nchi za Nje ni jambo la Muungano. Tanzania Bara na Zanzibar zina sera moja ya nje. Mkoani Mtwara sera hiyo huonekana mpakani. Mpaka wa bahari kati ya Tanzania na Msumbiji, unaoanzia mlango wa Mto Ruvuma, uliwekwa kwa mkataba uliotiwa saini tarehe 28 Desemba, 1988. Daraja la Umoja, huko Mtambaswala, lilifunguliwa Mei 2010 na Marais Jakaya Kikwete na Armando Guebuza. Mvuvi wa Ziwani anaweza kuwa na ndugu ng'ambo ya mto, lakini halmashauri yake haiwezi kufunga mkataba na nchi hiyo.

Bunge, kwa mujibu wa Ibara ya 63, huisimamia na kuishauri Serikali, na huridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Tofauti kati ya mamlaka hizo mbili haijapata kuonekana wazi kusini kama mwaka 2018, kwa sababu ya korosho. Katikati ya mwaka huo Serikali ilipeleka bungeni pendekezo kwamba ushuru wote wa korosho ghafi zinazouzwa nje uingie Mfuko Mkuu wa Hazina. Awali asilimia 65 ilitengwa kwa kuendeleza zao hilo. Wabunge wa kusini walipinga vikali, lakini muswada ukapita. Novemba, wakulima walipokataa bei za wanunuzi, Rais John Magufuli aliagiza Serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kuzisomba. Hatua ya kwanza ilihitaji kura za wabunge kwa kuwa ilibadili sheria. Ya pili ilitangazwa na Rais, na utekelezaji ukaanza.