Mwinyi Amani wa Pangani na Baridi ya Kibo

Tarehe 11 Mei 1848 msafara mdogo ulikuwa ukikata nyika kati ya Taita na Uchagga. Aliyeuongoza ni Bwana Kheri, mtu wa pwani, na aliyekuwa akiongozwa ni Johannes Rebmann, mmisionari wa Kijerumani kutoka kituo cha Rabai, karibu na Mombasa. Asubuhi ile Rebmann aliona kitu cheupe kinang'aa juu ya mlima, akadhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake ni kitu gani kile. Kiongozi akajibu kwa neno moja tu: baridi.

Rebmann akaelewa kuwa ile ni theluji, akaandika hivyo, na habari ikafika Ulaya. Huko London bwana mmoja msomi, William Desborough Cooley, ambaye hakuwa amekanyaga nchi hizi hata siku moja, alikataa katakata. Ati theluji karibu na ikweta haiwezekani, mmisionari ameota. Ubishi huo ulikwenda miaka na miaka, mpaka mwaka 1862 Baron von der Decken na Otto Kersten walipopanda zaidi ya mita 4,000 wakarudi na ushahidi. Wakati wote huo jibu lilikuwa limekwisha kutolewa, kwa Kiswahili fasaha, na mtu aliyeujua mlima.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu juma lililopita msikilizaji mmoja aliniuliza: ni nani hasa aliyeupanda Kilimanjaro kwanza? Shuleni tulifundishwa Hans Meyer, mwaka 1889. Sasa watoto wanaambiwa Mzee Yohani Lauwo. Msikilizaji alitaka nichague mmoja. Nitamjibu, lakini nitapitia njia ndefu kidogo, kama ile ya Marangu.

Njia hiyo naijua, ingawa si yote. Miaka kadhaa iliyopita nilipanda na kinasa sauti changu, nikiwa na kiongozi mmoja na wapagazi watatu. Siku ya kwanza ni msitu, unyevu na nyani, mpaka Mandara, mita 2,700. Siku ya pili miti inakwisha ghafla na unatokea kwenye uwanda wa nyasi na vichaka, maua ya kila rangi, na vijito vinavyopita chini ya mimea ya ajabu yenye shina kama mgomba na kichwa kama kabichi kubwa. Sijaona mahali pazuri kama pale. Unafika Horombo, mita 3,700. Majina hayo mawili, kwa taarifa yako, ni ya watawala wa Kichagga: Mandara ni yule Rindi wa Moshi, na Horombo ni Mangi Orombo wa Keni, aliyetamba upande wa Rombo mwanzoni mwa karne ya 19. Kutoka hapo ni uwanda mkavu uliokaa kama tandiko la farasi kati ya Kibo na Mawenzi, upepo mtupu, mpaka kibanda cha Kibo, mita 4,700. Kilele chenyewe kiko mita 5,895, na safari ya kukiendea huanza usiku wa manane.

Mimi niliishia Kibo. Kichwa kilinigonga kama kinu cha mahindi, nikatapika chai. Kumbe nilikuwa nimefika pale pale wanapofika wapagazi wengi, na tofauti yetu ni kwamba mimi sikuwa na mzigo.

Turudi kwa Meyer. Huyu alikuwa mtoto wa mchapaji vitabu tajiri wa Leipzig. Alijaribu mwaka 1887, barafu ikamshinda. Mwaka 1888 akaja tena na Oscar Baumann, wakaingia Usambara wakati pwani yote imewaka moto wa vita vya Abushiri. Wakakamatwa, wakatiwa minyororo, na wakaachiliwa baada ya kulipa fidia. Mwaka 1889 akaja mara ya tatu, safari hii na Ludwig Purtscheller, Mwaustria, mwalimu wa mazoezi ya viungo na bingwa wa kupanda milima ya Alpi. Msafara ulitoka Mombasa, ukapita Taveta, ukafika Marangu kwa Mangi Marealle.

Meyer alikuwa ameelewa kwamba kilichomwangusha kwanza ni njaa. Kwa hiyo alipanga kambi kwa hatua, moja juu ya nyingine, ili chakula kipande kutoka Marangu kila baada ya siku chache. Mpango huo ulikuwa mzuri sana, lakini mpango haubebi kuni. Kwa kazi ya mlimani walitumika wanyapara wawili, wapagazi tisa, mpishi na kiongozi mmoja, wakipanda na kushuka na mizigo vichwani. Kambi ya juu kabisa ilikuwa kiasi cha mita 4,300. Hapo wapagazi wote walirudishwa chini, isipokuwa mtu mmoja.

Meyer amemtaja kwa jina katika kitabu chake: Muini Amani, mtu wa Pangani. Kwa masikio ya Mswahili huyo ni Mwinyi Amani. Alibaki peke yake kambini siku nenda siku rudi wakati wale wawili wakipanda. Alilinda hema, alikoka moto na kuandaa chakula, akingoja watu ambao hakuwa na hakika kama watarudi. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kasoko, wakaona kilele kiko mbali zaidi, wakarudi wamechoka hoi. Tarehe 6 Oktoba wakafika juu. Siku hiyo Purtscheller alikuwa anatimiza miaka 40. Meyer akasimika bendera ya Ujerumani, akakiita kilele kwa jina la Kaiser Wilhelm, na akachukua jiwe la kumpelekea mfalme wake.

Sasa fikiri, msomaji. Julai ya mwaka huo huo, 1889, majeshi ya Wissmann yaliiteka Pangani. Desemba ya mwaka huo huo Abushiri alinyongwa kule kule Pangani. Katikati ya miezi hiyo, mwana wa Pangani amekaa mita 4,300 juu ya bahari aliyozaliwa kando yake, anatetemeka, analinda chakula cha mtu anayekwenda kusimika bendera ya hao hao. Je, alijua yaliyoupata mji wake? Alikuwa na mke, watoto, nyumba huko? Kitabu cha Meyer kilimsifu kwa utumishi wake. Zaidi ya sifa za bwana kwa mtumishi, hakuna aliyemsogezea karatasi aseme la kwake.

Na Mzee Lauwo? Mwaka 1989, miaka 100 ya kupandwa kwa Kibo ilipoadhimishwa, waandaaji walitaka kuwaenzi Waafrika waliokuwa na Meyer. Ikaonekana kwamba mtu mmoja katika kumbukumbu za msafara ule huenda bado yu hai Marangu: Yohani Kinyala Lauwo. Mzee hakujua umri wake. Hakumkumbuka Meyer wala Purtscheller. Alichokumbuka ni safari moja iliyokuwa na daktari wa Kiholanzi aliyeishi karibu na mlima, na kwamba yeye hakuwa na viatu. Alisema alipanda mara tatu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kamati ikaamua kuwa ndiye, na ikapiga hesabu kwamba basi alizaliwa karibu na mwaka 1871. Alifariki Mei 1996. Kwa hesabu hiyo angekuwa na miaka kama 125, wakati binadamu aliyeishi muda mrefu kuliko wote kwa ushahidi wa vyeti, Jeanne Calment wa Ufaransa, alifikisha 122.

Mimi siamini hesabu ile. Najua baadhi ya wasikilizaji watanipigia simu kwa hasira, na wa Marangu watakuwa wa kwanza. Lakini nasema hivi: mzee alisema kweli yake bila kuongeza chumvi, na sisi ndio tuliomvisha koti la mtu mwingine. Kupanda Kibo bila viatu kabla ya mwaka 1914, mara tatu, ni habari inayojitosheleza. Kwa nini ilibidi apitie kwa Meyer ndipo tumwone?

Kwa hiyo jibu langu kwa msikilizaji ni kwamba waliotia mguu kileleni mwaka 1889, kwa ushahidi uliopo, ni Meyer na Purtscheller. Jina la Kaiser nalo halikudumu. Usiku wa tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera yetu na Mwenge juu pale, na tangu hapo ni Uhuru.

Asubuhi ile pale Kibo, wenzangu wa kundi jingine wakiwa bado juu, nilikaa kibarazani na mpagazi wangu mmoja, mtu mzima wa miaka kama 50. Siku hizi mizigo hupimwa getini, kilo 20, lakini yeye alianza kazi zamani, wakati mzani ulikuwa ni shingo yako mwenyewe. Alinitilia chai, safari hii ikakaa tumboni. Nikawasha kinasa sauti, nikamwuliza amefika kileleni mara ngapi katika miaka yote hiyo.

"Kileleni?" akacheka kidogo. "Mara moja, kiongozi alipougua. Kazi yetu inaishia hapa, kijana. Nani atawapikia wakirudi?"