Masanduku Meusi ya Stamford

Mosaic Records ilizaliwa kwenye stoo ya watu wengine. Stoo yenyewe ilikuwa Los Angeles, nayo ilihifadhi kanda za Blue Note, kampuni ya santuri iliyoanzishwa New York mwaka 1939 na Alfred Lion, mhamiaji kutoka Berlin, aliyefuatwa muda si mrefu na rafiki yake Francis Wolff. Wawili hao waliijenga kwa takriban robo karne, kisha katikati ya miaka ya 1960 wakaiuza kwa kampuni ya Liberty. Lion akastaafu, Wolff akafariki mwaka 1971. Tangu kuuzwa huko, jina la Blue Note likawa linahama mikono kama kiwanja cha urithi kisicho na hati: Liberty, United Artists, halafu EMI mwaka 1979. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 EMI ilikuwa imelisimamisha kabisa. Kanda zikabaki rafuni, na walioshika funguo hawakujua wameshika nini.

Aliyejua ni Michael Cuscuna, mzaliwa wa Stamford, Connecticut, mwaka 1948. Aliwahi kuwa mtangazaji wa redio, akawa mtayarishaji wa muziki. Albamu ya Bonnie Raitt ya mwaka 1972, Give It Up, ilipita mikononi mwake. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye jazi. Kila alipokutana na mwanamuziki aliyewahi kufanya kazi na Lion, alimuuliza ni vipindi gani alivyorekodi ambavyo havikutolewa, na jibu akaliandika daftarini. Mwaka 1975 Charlie Lourie, aliyekuwa mfanyakazi wa Blue Note wakati huo, alimfungulia mlango wa stoo. Cuscuna akaingia na daftari lake. Kanda nyingi hazikuwa na maelezo ya kutosha, kwa hiyo ilibidi arudi kwa wapigaji wenyewe kuuliza: wimbo huu unaitwaje, na ngoma hapa anapiga nani?

Katika kupekua huko alikuta vipande vya Thelonious Monk vya miaka ya 1947 hadi 1952 ambavyo havijawahi kusikika. Havikutosha kujaza santuri moja. Ndipo likaja wazo lililoizaa Mosaic: kama havitoshi peke yao, kwa nini visitoke pamoja na vingine vyote, vilivyotoka na visivyotoka, kwa mpangilio wa tarehe, ndani ya sanduku moja? Monk alifariki Februari 1982. Mwaka uliofuata sanduku lake likatoka, santuri nne, likiwa na namba MR4-101. Hiyo 4 ni idadi ya santuri, 101 ni mwanzo wa hesabu. MR5-102 ikawa Gerry Mulligan akiwa na Chet Baker, na MR3-103 wapiga piano wa boogie, Albert Ammons na Meade Lux Lewis.

Sura ya masanduku hayo iliwekwa mapema na haikubadilika sana. Sanduku jeusi la mraba, upana wa santuri. Ndani yake kijitabu kikubwa chenye picha za rangi nyeusi na nyeupe, nyingi zikiwa za Wolff, ambaye alikuwa akizunguka na kamera studio huku mwenzake Lion akisimamia kurekodi. Baada ya picha, orodha: tarehe ya kurekodi, mahali, nani alipiga nini, namba ya kila jaribio, na kila kipande kilitoka kwanza kwenye santuri gani. Msomaji asiyependa orodha angechoka ukurasa wa pili. Mteja wa Mosaic alianzia hapo.

Biashara ilikuwa ya posta na simu. Hapakuwa na duka, hapakuwa na wakala wa kugawa mzigo mikoani, wala santuri zilizorudishwa na wenye maduka kwa kukosa wanunuzi, jambo ambalo limeua lebo nyingi ndogo. Kila sanduku lilitoka kwa idadi maalumu, kwa kawaida nakala 5,000 au 7,500, na kila nakala ilikuwa na namba yake. Wengine waliona ni ujanja wa kuuza. Kwa sehemu ulikuwa ujanja, lakini mzizi wake ni leseni: karibu kila kilichouzwa na Mosaic kilikuwa cha kukodi. Mwenye kanda aliruhusu idadi fulani, kwa miaka michache, na muda ukiisha sanduku linafutwa kwenye katalogi. Kwa EMI, nakala 7,500 zilikuwa hesabu isiyostahili hata kikao. Kwa Cuscuna na Lourie, watu wawili wa Stamford, zilikuwa kodi ya ofisi na mshahara.

Sanduku ninalolithamini kupita yote halikuwa la Monk, maana Monk angerudi sokoni kwa njia yoyote. Ni la Tina Brooks, lililotoka mwaka 1985. Huyu alikuwa mpiga saksafoni ya tenor aliyerekodi Blue Note vipindi vinne vyake mwenyewe kati ya 1958 na 1961. Katika uhai wake ilitoka albamu moja tu, True Blue. Alifariki mwaka 1974 akiwa na miaka 42. Mosaic ikaweka vipindi vyote vinne mahali pamoja, na mtu aliyekuwa jina dogo nyuma ya jalada la wenzake akawa na kazi yake nzima, yenye mwanzo na mwisho. Herbie Nichols, mpiga piano aliyefariki 1963 bila kutambuliwa, alifanyiwa vivyo hivyo.

Mwaka 1990 ilikuja kazi ya kichaa kuliko zote. Dean Benedetti, mpiga saksafoni aliyemhusudu Charlie Parker, alimfuata klabu kwa klabu kuanzia Los Angeles mwaka 1947 hadi New York mwaka 1948, akimrekodi kwa mashine yake. Ili asipoteze nafasi ya kurekodia, Parker akimaliza zamu yake naye alizima mashine. Wengine wapige watakavyo. Rekodi hizo zilikuwa hadithi tu kwa miaka 40, mpaka zilipopatikana kwa kaka wa Benedetti. Mosaic ilizisafisha na kuzitoa kwenye CD saba za vipande vilivyokatika katikati. Kampuni kubwa gani ingethubutu? Lakini wanunuzi walikuwepo.

Heshima rasmi ilifuata. Sanduku la Nat King Cole Trio, CD 18, lilipata tuzo ya Grammy mwaka 1993. Blue Note yenyewe ilikuwa imefufuliwa tangu 1985 chini ya Bruce Lundvall, na Cuscuna akawa anafanya kazi pande zote mbili, kule mshauri wa mwenye mali, huku mpangaji.

Kwa sisi tunaosoma Kiswahili kuna sanduku moja la kulitaja kwa jina. Mwaka 2003 Mosaic ilianza mfululizo wa masanduku madogo ya CD tatu ulioitwa Mosaic Select, na mojawapo lilikuwa la mpiga piano Randy Weston. Humo ndani imo albamu ya Uhuru Afrika, iliyorekodiwa New York Novemba 1960 kwa ajili ya lebo ya Roulette. Weston alitaka lugha ya Kiafrika itangulie muziki. Shairi likaandikwa na Langston Hughes, na anayelisoma kwa Kiswahili ni Tuntemeke Sanga wa Tanganyika, nchi ambayo ilikuwa bado na zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kupandisha bendera yake. Sehemu ya kwanza inaitwa Uhuru Kwanza, ya mwisho Kucheza Blues. Muziki ulipangwa na Melba Liston. Kwenye ngoma yumo Babatunde Olatunji, kwenye tarumbeta Clark Terry na Freddie Hubbard. Serikali ya makaburu iliipiga marufuku mwaka 1964. 

Wakati sanduku hilo linatoka, mambo yalikuwa yameshaanza kugeuka. Charlie Lourie alifariki siku ya mwisho ya mwaka 2000. Mwaka huohuo mauzo ya CD Marekani yalifika kilele, na baada ya hapo ni mteremko. Ulaya kulikuwa na tatizo jingine: sheria ililinda rekodi kwa miaka 50 tu, kwa hiyo Monk wa mwaka 1947 alianza kuwa huru kwa yeyote mwishoni mwa miaka ya 1990. Lebo za bei nafuu zikatoa masanduku yao bila kumlipa mwenye kanda, na masikio makali yakatambua kwamba baadhi zilinakili kazi iliyokwisha kusafishwa na wengine. Mosaic ililipa leseni, mafundi na waandishi. Waliofuata walilipa kiwanda tu.

Pigo zito zaidi lilitoka kwa wenye stoo. Kampuni zilimezana: Sony ikaungana na BMG mwaka 2004, Universal ikaichukua EMI mwaka 2012. Milango ya kubisha ikapungua, na nyuma ya kila mlango wakakaa wanasheria wenye hesabu mpya, kwa sababu sasa walijua rafuni kuna mali. Waliokuwa wamewaonyesha ni Mosaic. Katika miaka ya 2010 Cuscuna na Scott Wenzel, aliyeingia kazini mwaka 1987, waliwaeleza wateja waziwazi kwamba hali ni ngumu. Masanduku yakatoka kwa nafasi zaidi. Wateja wa mwaka 1983 walikuwa wamezeeka, na vijana walikuwa wanasikiliza kwenye simu, bila kijitabu na bila orodha.

Mwaka 2019 Blue Note ilianza mfululizo wake wa Tone Poet: santuri nzito, zilizokatwa kutoka kanda za asili, majalada ya kifahari, zikilengwa kwa wakusanyaji haohao. Ukweli ni kwamba ni kazi nzuri. Cuscuna alifariki Stamford Aprili 2024, akiwa na miaka 75. Aliyebaki na kazi ya kuandika barua za kuomba leseni ni Wenzel.