Mchuchuma: Mashimo, Takwimu na Subira ya Wanakijiji

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Shirika la Maendeleo la Makoloni, lililoundwa na Uingereza mwaka 1948, lilifanya utafiti wa makaa ya mawe kusini-magharibi mwa Tanganyika. Makaa ya ukanda wa Ziwa Nyasa yalikwisha kuandikwa na wajiolojia wa Kijerumani tangu karne ya kumi na tisa. Swali lililobaki lilikuwa la kiasi na ubora, na jibu lake lilihitaji uchorongaji.

Mtambo wa kuchoronga hupandisha juu mche wa mwamba. Mjiolojia hupima unene na kina cha kila tabaka la makaa, maabara hupima majivu na salfa, kisha hukadiriwa kilichopo kati ya shimo na shimo. Tani milioni 428 zinazotajwa kila Mchuchuma inapozungumzwa ni makisio ya namna hiyo. Yana uzito wa kitaalamu, lakini hayatuambii reli itapita wapi, umeme utanunuliwa na nani, wala mkopo utalipwaje.

Hata hivyo, makisio hayo yalisomwa kama ahadi. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia saini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China kuhusu Mchuchuma na chuma cha Liganga: mradi wa dola bilioni 3, asilimia 80 za hisa zikiwa za mwekezaji. Miaka ikapita bila mgodi huo mkubwa kuanza.

Gharama ya kusubiri iliwaangukia wakazi wa Ludewa. Mtu aliyeambiwa kwamba shamba lake litatwaliwa hapandi miti ya kudumu wala hajengi nyumba ya maana. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inadai fidia kamili, ya haki na ya haraka. Fidia ilianza kulipwa mwaka 2023, miaka kumi na miwili baada ya mkataba. Neno "haraka" limebaki na maana gani?

Utafiti wa madini ni wa lazima; taifa lisilojua kilicho chini ya ardhi yake hujadiliana na wageni likiwa limefumba macho. Lakini kila leseni ya utafiti iandamane na wajibu wawili: matokeo yasomwe kijijini kwa lugha inayoeleweka, na ukomo wa kusubiri utajwe kwa tarehe. Makaa yamekaa ardhini zaidi ya miaka milioni 250 na yanaweza kuendelea kukaa. Mkulima hana muda huo.