Ngoma waliyokuja nayo

Niko Doha. Mama mdogo kaniuliza kwenye simu, "Upweke huko unauwezaje mwanangu?" Sikuwa na jibu.

Ijumaa nikaenda Msheireb, kwenye Nyumba ya Bin Jelmood, makumbusho ya utumwa yaliyofunguliwa 2015. Kumbe miongoni mwa wapiga mbizi wa lulu wa Ghuba walikuwemo watumwa wengi kutoka Afrika Mashariki. Kila kiangazi walikaa baharini kama miezi minne. Qatar utumwa ulikomeshwa 1952 tu!

Hawakuja na mzigo, lakini ngoma walikuja nayo. Inaitwa leiwa: wanazunguka duara, zumari katikati, na mpaka leo nyimbo zake zina maneno ya Kiswahili.

Mwaka 2012 Robin Dunbar wa Oxford na wenzake walionyesha kuwa anayeimba, kucheza au kupiga ngoma na wenzake huvumilia maumivu zaidi kuliko anayesikiliza muziki tu.

Hapo nikajiona: kila usiku taarabu masikioni, peke yangu kitandani. Basi Ijumaa ijayo naenda kwa Wabongo wenzangu, tuimbe pamoja. Mama mdogo, jibu lako ndilo hilo.