Uzito wa "ile"

"Ile hela tuma kwenye namba hii." Ujumbe huu umezagaa Tanzania kwa miaka mingi, na nguvu yake yote imo katika "ile". Kiashiria hiki hudokeza jambo ambalo msemaji na msikilizaji wanalijua tayari. Tapeli hajui lolote. Anayedaiwa kodi ya nyumba ndiye anayemjazia pengo. Wapo wanaosema wanaoibiwa ni wenye tamaa. Labda hoja hiyo inawagusa wanaotanguliza "ada" ili wapokee zawadi ya shindano wasiloshiriki, lakini huyu wa kodi ameponzwa na uaminifu: alikuwa analipa deni. Kabla hujatuma, mpigie mwenye nyumba kwa namba yake uliyozoea, kisha iripoti ile ya tapeli kwenda 15040.